Utulivu una Mwenyewe: Karagwe katika Michoro ya James Grant

Misafara iliyotoka Karagwe katika karne ya 19 ilibeba pembe za ndovu, na pembe moja kubwa ilitosha kuwa mzigo wa mtu mzima. Mwezi wa Aprili mwaka 1862 ulitoka humo mzigo wa namna nyingine, mwepesi hata hapana aliyeuhesabu kuwa mali: karatasi za kuchorea za Kapteni James Augustus Grant, askari kutoka Uskoti, ambaye alikuwa amelala mgonjwa kwa miezi kadha katika mji wa Mukama Rumanyika. Pembe zile zilikwisha kuwa mipini ya visu, vifungo na vibao vya vinanda, na hakuna ajuaye zilipo. Karatasi za Grant ziko hata leo. Zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh, na ni miongoni mwa picha za kwanza za nchi ya Maziwa Makuu zilizochorwa na Mzungu aliyeiona nchi hiyo kwa macho yake mwenyewe.

Atazamaye michoro ya safari ile hukutana na watu, mimea, wanyama, vyombo vya muziki na mandhari. Mandhari ndiyo yenye kutuliza moyo. Hayana vita, hayana simba arukaye juu ya mwindaji, hayana mzungu asimamaye kifua mbele katikati ya kundi la watu wenye hofu. Nchi imeachwa itazamwe. Utulivu huo ni mzuri, wala hapana haja ya kuuonea haya uzuri wake. Lakini utulivu wa picha, kama utulivu wa nyumba, hauji wenyewe. Yuko aliyeulipia. Swali linalostahili kuulizwa mbele ya michoro hii ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: utulivu huu ni mali ya nani? Je, ni wa jicho la mgeni, au ni wa nchi aliyoitazama?

Grant alizaliwa Nairn, kaskazini mwa Uskoti, mwaka 1827. Alitumika katika jeshi la Waingereza huko Bara Hindi, na katika vita vya Lucknow mwaka 1857 alijeruhiwa vibaya mkononi. Kwa hiyo mkono ulioshika brashi Karagwe ulikuwa mkono wa mtu aliyekwisha kuonja vita. Mwaka 1860 alifuatana na John Hanning Speke kutoka Unguja kwenda bara kutafuta chimbuko la mto Nile. Mwanzoni Grant alipewa kazi ya kupiga picha kwa kamera, na huko Unguja alipiga kadha. Lakini kazi ya dawa na vioo ndani ya hema lenye joto ilionekana kuwa itamdhoofisha mno, basi kamera ikaachwa, na mahali pake zikashika kalamu ya risasi na rangi za maji. Hasara hiyo iligeuka kuwa faida. Kamera ya siku zile ilitaka kila kitu kisimame kama kilivyoamriwa. Brashi ilitaka mtazamaji ndiye akae kitako, asubiri, atazame tena.

Na kukaa kitako, Grant alikaa kuliko alivyopenda. Wasafiri hao waliwasili kwa Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861. Muda si mwingi mguu wa Grant ukashikwa na kidonda kilichomzuia hata kusimama. Madaktari wa zama za baadaye wamedhani kuwa huenda kilikuwa kile kidonda kiitwacho Buruli, kwa jina la mahali katika Uganda. Dawa za wenyeji zilijaribiwa, na za wageni pia. Tarehe 10 Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda, akamwacha mwenzake nyuma. Grant hakuondoka mpaka tarehe 14 Aprili, naye alichukuliwa kwa machela. Katika muda huo wote kazi yake ilikuwa kutazama: aliandika habari za hali ya hewa, alikusanya na kukausha mimea, aliandika desturi, alichora. Mimea aliyoikusanya katika safari nzima ilikuja kuchapishwa London kati ya mwaka 1872 na 1875 katika juzuu kubwa ya chama cha wataalamu wa elimu ya viumbe. Speke alikwenda mbele akapata sifa ya chimbuko la mto. Aliyelala akaipata nchi.

Nchi yenyewe ilikuwa ya namna gani? Karagwe ni nchi ya migongo mirefu ya vilima iliyolazwa sambamba, mmoja nyuma ya mwingine, na baina yake mabonde yenye maji, vinamasi na mafunjo. Mto Kagera, ambao wasafiri wale waliuita Kitangule, unaizunguka upande wa magharibi na wa kaskazini. Siku ya mbingu safi, mtu aliye juu ya kilima huweza kuviona magharibi, kwa mbali sana, vilele vya milima ya Mufumbiro. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, na migongo ya vilima husimama juu yake kama majahazi yaliyotia nanga. Chini ya mji wa Rumanyika, huko Bweranyange, palikuwa na ziwa dogo. Grant aliona limefanana sana na ziwa la kwao, na kwa sababu hiyo Speke akalibandika jina la Windermere.

Jina hilo lastahili kuchunguzwa, kwa kuwa limebeba elimu nzima ya macho. Windermere lenyewe ni ziwa la kaskazini-magharibi ya Uingereza, lenye urefu wa kilomita 17 hivi, kubwa kuliko maziwa yote ya asili ya nchi hiyo. Tangu mwisho wa karne ya 18 nchi ya maziwa yale ilikuwa chuo cha kufundishia watu kutazama. Vilichapwa vitabu vya kuwaelekeza wageni mahali gani wasimame ili waone mandhari iliyopangika vema. Wachoraji walikwenda huko makundi kwa makundi. John Constable mwenyewe alikaa huko karibu miezi miwili mwaka 1806. Waingereza wa tabaka la Grant walikua wakijua, hata kabla ya kuona, kwamba mandhari nzuri huwa na maji katikati, vilima pande mbili, na upeo unaofifia. Grant alipofika Karagwe, nchi ikayatimiza masharti yote aliyoyabeba kichwani. Alilolitambua kwanza halikuwa Karagwe. Ilikuwa picha aliyokuwa nayo tayari.

Hata hivyo haifai kumhukumu kwa haraka. Kila mgeni hulinganisha. Mswahili wa pwani aliyefika bara naye alilinganisha migomba ya huko na minazi ya kwao. Kosa haliko katika kulinganisha, liko katika kuishia hapo. Na uzuri wa ufundi wa rangi za maji ni kwamba humlazimisha mchoraji asiishie hapo. Mchoraji wa mafuta aweza kufunika kosa kwa rangi nyingine mara nyingi apendavyo. Wa rangi za maji hana nafasi hiyo: weupe wa karatasi ndio mwanga wake, na mwanga uliokwisha kufunikwa haurudi. Kwa hiyo yampasa ajue kabla ya kugusa ni wapi pataachwa wazi. Akichora bonde lenye ukungu, ukungu ni mahali asipopaka. Akichora vilima vilivyo nyuma ya vilima, kila mgongo wa mbali hupewa maji mengi zaidi na rangi kidogo zaidi, mpaka wa mwisho hauachani na mbingu ila kwa mstari. Sanaa hii ni ya kujizuia. Nayo iliafikiana na nchi ya migongo iliyopangana na hewa yenye unyevu kuliko ambavyo ingeafikiana na jangwa lenye jua kali. Hapa Karagwe ilianza kumfundisha mgeni wake.

Ili kuona kwamba utulivu wa picha huwa na upande wa nyuma, yafaa kuutazama mfano maarufu wa huko Ulaya. Mwaka 1821 Constable alionyesha London picha yake kubwa iitwayo The Hay Wain: gari la farasi limesimama katika maji haba, nyumba chini ya miti, mbwa ukingoni, mawingu. Ilipopelekwa Paris mwaka 1824 ilipata nishani ya dhahabu. Waingereza wengi wameifanya kuwa sura ya amani ya shamba lao. Lakini picha hiyo ilichorwa katika chumba cha kazi mjini London, na mwaka uliofuata, 1822, katika wilaya ileile iliyomo pichani, vibarua wa mashamba ambao mishahara yao ilikuwa imeshuka tangu kwisha kwa vita vya Napoleon walivunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma moto marundo ya mazao. Hayo hayamo katika picha. Constable hakusema uongo. Alichora kile alichotaka kidumu. Picha tulivu mara nyingi ni dua kuliko habari.

Kwa Grant mambo yalikuwa kinyume, na hapo ndipo ulipo uzito wa michoro yake ya Karagwe. Constable aliusimamisha utulivu ambao haukuwapo. Grant aliukuta upo. Yeye na Speke walikuwa wametoka katika safari ya mwaka mzima yenye hongo zisizokwisha, wapagazi waliotoroka, na vita baina ya wafanyabiashara wa pwani na Manua Sera katika Unyamwezi. Walipoingia Karagwe hali iligeuka. Mukama alituma watu wawapokee njiani. Chakula kililetwa. Hawakusumbuliwa kwa hongo kama kwingineko. Rumanyika mwenyewe aliwauliza wageni habari za jua na mwezi, za nchi na mito, kama mtu apendaye elimu. Speke alipoondoka, Grant alibaki miezi mitatu bila nguvu ya kujitetea, na hakudhuriwa. Wahenga wa pwani walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Karagwe mambo yaligeuka: mgeni ndiye aliyepona, naye alipona kwa mwenyeji.

Wala amani ile haikushuka kama umande. Rumanyika aliupata ufalme baada ya kifo cha baba yake Ndagara, kwa kushindana na ndugu yake Rogero, na alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara mkubwa wa Kaze, pamoja na nguvu ya Buganda iliyonunuliwa kwa pembe za ndovu. Wageni walipofika mwaka 1861, Rogero alikuwa bado hai, na Rumanyika alitamani wageni wamsaidie dhidi yake. Upande wa kaskazini Buganda ilikuwa jirani ambaye hakuna aliyethubutu kumchukiza. Ilisemwa kwamba huko mgonjwa hakubaliwi kuingia. Ndiyo maana Grant ilimlazimu kungoja. Kusini palikuwa na njia ya pembe na watumwa iliyokwenda Kaze na pwani, na wafanyabiashara wake walikuwa na kituo chao Kafuro. Kati ya mambo hayo yote Mukama alisimama kama mtu abebaye mtungi uliojaa maji juu ya kichwa: aonekanaye hatikisiki ndiye anayefanya kazi kubwa. Utulivu uliomo katika karatasi za Grant ni siasa ya Rumanyika iliyogeuzwa kuwa rangi.

Tena walikuwako walioubeba utulivu huo mikononi. Mgonjwa hakulishwa na mandhari. Palikuwa na walimaji wa migomba na mtama, wachungaji wa ng'ombe wa pembe ndefu, wanawake waliochota maji katika ziwa lilelile lililopewa jina la kigeni, wafua chuma, na wapiga ngoma wa mwezi mwandamo. Palikuwa na Waungwana wa Unguja waliobaki na Grant. Hao wote si mapambo ya mbele ya picha. Ndio sababu ya picha kuwapo.

Haki yataka isemwe pia kwamba safari iliyozaa michoro hii ilizaa na mambo mengine. Katika mji uleule wa Rumanyika, Speke alimpima kwa utepe mwanamke mmoja wa jamaa ya mfalme, mkono, kifua, paja, akaandika hesabu zake na kuzichapisha kwa wasomaji wa Uingereza. Na katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke alieneza fikra kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa taifa jingine lililotoka Uhabeshi na kuwashinda watu wa chini. Hakuwa na ushahidi ila sura za watu na kiburi cha zama zake. Fikra hiyo ilipokelewa na watawala wa kikoloni, ikafundishwa shuleni, na katika Rwanda ikawa moja ya mizizi ya sumu iliyozaa mauaji ya mwaka 1994. Mwaka huo makundi ya wakimbizi yalivuka Kagera yakaingia Karagwe, yakapiga kambi katika mabonde ambayo Grant aliyaona matulivu. Macho mawili yalitazama nchi moja katika miezi ileile. Moja lilikuwa na haraka ya kueleza, jingine lililazimishwa na ugonjwa kungoja. Tofauti ya madhara yake yaonekana mpaka leo.

Michoro yenyewe haikuwafikia watu kama ilivyotoka mkononi mwa Grant. Kitabu cha Speke kilipochapwa, picha nyingi zilichorwa upya juu ya mbao na fundi Johann Baptist Zwecker kwa kufuata michoro ya Grant, kisha zikachongwa na kupigwa chapa kwa wino mweusi. Rangi ikaondoka, na pamoja nayo ukaondoka ule weupe wa karatasi ulioachwa wazi kwa makusudi. Kisu cha mchongaji hakijui ukungu. Grant mwenyewe alipochapisha kitabu chake mwaka 1864, A Walk Across Africa, hakukipamba kwa picha hizo. Hivyo kwa muda mrefu Ulaya iliijua Karagwe kwa mistari migumu. Na msomaji wa Ulaya aliyeona vilima vitupu na maji matulivu aliweza kudhani kuwa nchi ile ni tupu, nayo inangoja mwenyewe. Hapo ndipo utulivu ulipogeuka hatari. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana mipaka yao, na Karagwe ikaangukia upande wa Wajerumani bila ya mtu wa Karagwe kuulizwa. Katika miaka hiyohiyo sotoka iliangamiza ng'ombe wa nchi ya Maziwa Makuu, ndui na njaa zikafuata, na ufalme ambao Grant aliuona umeketi imara ukadhoofika.

Wanyambo wao hawakuchora mandhari juu ya karatasi. Lakini lingekuwa kosa kudhani kuwa hawakuwa na sanaa ya utulivu. Henry Stanley, alipomzuru Rumanyika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, na humo palikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma na shaba. Chuma ni kitu cha moto na nyundo. Pembe za ng'ombe ni mstari mmoja mrefu unaopanda na kupinda. Fundi wa Karagwe aliitwaa nchi yote, malisho yake, mvua yake na amani yake, akaiweka katika umbo la mnyama asimamaye kimya. Mahali ambapo mchoraji wa Uskoti alisema nchi ina raha kwa kuonyesha maji na vilima, fundi wa chuma alisema hivyohivyo kwa kuonyesha ng'ombe aliyeshiba. Tena ya fundi ilikuwa na jambo lililokosekana katika ile ya mchoraji: ilionyesha mwenye mali. Ng'ombe hasimami hivyo pasipo mchungaji, na sanamu haikai katika hazina pasipo Mukama.

Mtu wa Nyabiyonza katika wilaya ya Karagwe, au wa Kyerwa, ambayo ilitengwa kuwa wilaya yake mwaka 2012, hahitaji kwenda Edinburgh ili ajue kama Grant alikosea. Migongo ya vilima iko. Ukungu wa asubuhi haujahama. Yaliyobadilika ni mavazi ya nchi: mahali palipokuwa na nyasi pana leo pana migomba, kahawa, maharage na mikaratusi, na barabara nyekundu zipandazo kwa kujipinda. Mwaka 2019 sehemu ya nchi hii ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, na nyingine, Ibanda-Kyerwa. Jina la mwenyeji limerudi juu ya mandhari, baada ya jina la ziwa la Uingereza kulikalia kwanza. Hilo ni jambo la haki. Lakini hifadhi nayo ni fremu ya picha, na kila fremu huwa na swali la nani amewekwa ndani na nani ameachwa nje.

Kwa hiyo michoro ya Grant itazamwe kwa furaha, wala furaha hiyo isipunguzwe na ujuzi. Mgonjwa mwenye mkono uliojeruhiwa alipewa mahali salama, akalipa kwa kutazama vema. Ajifunzaye kuitazama aanze kwa maji na vilima, kama mchoraji alivyotaka, kisha aongeze lile ambalo karatasi haikuweza kulibeba: mtu aliyesimama nyuma ya mchoraji, asiyeonekana, ambaye kwa amri yake hakuna aliyemgusa.